Kusokota Uzi kwa Gurudumu: Anayeanza Dar Aanzie Wapi?

Wafumaji wa kulabu wameongezeka mjini, na wengi wao hununua nyuzi Kariakoo, mabunda kwa mabunda. Baada ya vikoti vya watoto na vitambaa vya meza, huanza kuuliza jambo jingine. Uzi wenyewe hausokotwi nyumbani? Gurudumu linauzwa wapi? Pamba inapatikana duka gani? Itachukua muda gani kupata uzi wa kufumia? Maswali hayo hurudi kila mara, na majibu ya mtaani mara nyingi humwacha mtu amenunua asichokihitaji.

Makala hii ni ya mkazi wa katikati ya jiji, kuanzia Feri na Kivukoni hadi Kisutu, Gerezani na Kariakoo, ambaye hajawahi kuligusa gurudumu la kusokotea na anataka kuanza bila kupoteza fedha. Jambo moja alishike tangu sasa: uzi wa mwanafunzi huharibikia kwenye pamba na kwenye vidole kabla haujaharibikia kwenye gurudumu. Ndiyo maana gurudumu limewekwa katikati ya makala, na asiye na subira anaombwa asiziruke sehemu za mwanzo.

## Ukweli kuhusu faida

Anayetaka kusokota ili apunguze gharama za uzi, bora ajue mapema kwamba hatapunguza. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na katika viwanda vya aina hiyo mashine moja ya kusokota hubeba pia mamia, yaani vile vijiti vinavyozunguka na kuupa uzi msokoto. Gurudumu la nyumbani lina pia moja tu. Kazi ya saa nzima ya mkono hupimwa kwa gramu, na skafu nyepesi peke yake hula gramu 100 hadi 150.

Wanaonufaika ni wengine:

- Mfumaji anayetaka uzi wenye umbile ambalo hakuna duka linaloliuza, mathalani mnene upande huu na mwembamba upande ule.
- Anayetengeneza tambi za taa. Kwenye mahekalu ya Wahindu ya mtaa wa Kisutu taa za mafuta huwashwa kwa tambi za pamba, na utambi hauhitaji uzi ulionyooka sana.
- Mwalimu wa ufundi anayetaka wanafunzi waone nguo inaanzia wapi.
- Mtu anayeipenda tu kazi ya mikono, na hiyo ni sababu tosha.

Swali linalofuata kila mara ni kama uzi huo utafaa kwenye cherehani. Hautafaa. Uzi wa cherehani ni mwembamba, umeunganishwa nyuzi mbili au tatu, na unene wake haubadiliki hata kidogo. Uzi wa mwanafunzi utakatika kwenye sindano na kuacha manyoya ndani ya mashine. Uzi wa mkono ni wa kulabu, wa sindano za kufumia na wa kitanda cha mfumi.

## Pwani ilishasokota

Wapo wanaosema kusokota uzi ni mambo ya Ulaya na ya India. Sivyo. Wachimbaji wa mambo ya kale pale Kilwa Kisiwani walifukua vigae vingi vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vilikuwa vizito vya pia za mkono, vilivyotumiwa kusokotea pamba karne kadhaa kabla ya Wareno kufika. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba Mogadishu ilifuma nguo zilizopelekwa hadi Misri. Bara nako, Wafipa wa kusini magharibi mwa Tanzania walilima pamba, wakaisokota na kufuma nguo zao wenyewe, mpaka nguo za viwandani kutoka ng'ambo zilipoizima kazi hiyo.

Kigae cha Kilwa kimetajwa hapa kwa sababu msomaji atakihitaji. Kifaa chake cha kwanza kitafanana nacho.

## Pamba: hapa ndipo wengi wanapokosea

Mtu huingia Kariakoo, huuliza pamba kwenye duka la magodoro na mito, hupewa mfuko mkubwa mweupe, hulipa na kuondoka. Akifika nyumbani, kila anachosokota kinaachia. Atalilaumu gurudumu, kumbe mfuko ule haukuwa na pamba.

Vitu vinne huuzwa au hutolewa kwa jina la pamba:

- Sufi. Hutoka kwenye mti wa msufi na hujazwa kwenye mito na magodoro. Nyuzi zake ni laini, zinang'aa, zina uwazi ndani, na hazishikamani. Hupeperuka hata mtu akihema karibu. Kwa kulalia ni nzuri sana. Kwa kusokota, anayeanza asiiguse.
- Pamba ya plastiki. Huitwa pamba kwa sababu ni nyeupe na inavimba, lakini ni poliesta.
- Pamba ya duka la dawa. Ni pamba halisi, ila imechemshwa na kupaushwa, nta yake imekwisha, na nyuzi nyingi ni fupi. Inasokoteka kwa mkono uliozoea. Kwa anayeanza ni mateso.
- Pamba iliyotolewa mbegu, isiyopaushwa. Hii ndiyo inayotakiwa. Rangi yake ni ya maziwa mazito, si nyeupe ya karatasi, na mara nyingi ina vipande vidogo vya majani makavu.

Namna ya kuzitofautisha dukani ni rahisi. Chukua kishungi kidogo, kizungushe katikati ya kidole gumba na cha shahada mara kumi hivi, kisha vuta taratibu. Pamba itageuka kamba nyembamba yenye ukaidi. Sufi itateleza na kuachana. Poliesta itasokoteka, kwa hiyo hiyo ipimwe kwa moto, nyumbani, juu ya sinki, kipande kisichozidi ukucha: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu.

Muuzaji mwaminifu akiulizwa kwa adabu husema ukweli. "Shikamoo mzee, hii ni sufi au pamba ya shambani?" ni swali linalomwokoa mtu kuliko kukagua mifuko kumi kimyakimya.

Pamba ya Tanzania karibu yote hutoka kanda ya magharibi, hasa Simiyu, Shinyanga, Mwanza na mikoa jirani. Mkazi wa Dar mwenye ndugu huko anaweza kuomba atumiwe kiasi kidogo kwenye basi wakati wa mavuno, katikati ya mwaka. Asifunge safari kwenda kununua magunia kijijini, kwa sababu biashara ya pamba inasimamiwa na Bodi ya Pamba Tanzania na wanunuzi huwa na leseni. Anayetaka kuotesha michache uani amuulize kwanza afisa kilimo: mikoa ya kusini imezuiwa kulima pamba ili funza mwekundu asisambae hadi kwenye mashamba ya magharibi.

Pamba ikija na mbegu zake, uzito usimdanganye mtu. Nyuzi ni kidogo zaidi ya theluthi ya uzito huo; zilizobaki ni mbegu. Kuzitoa kwa mkono kunachosha, lakini upo ujanja wa zamani. Weka mbegu moja yenye pamba juu ya ubao mgumu, kisha viringisha fimbo laini ya chuma juu ya manyoya ukiisukuma mbegu mbele. Mbegu hutokea upande wa pili na pamba hubaki nyuma.

Na sufu ya kondoo? Wapo wanaopanga kwenda mnada wa Pugu kuomba manyoya. Wasijisumbue. Kondoo wengi wa Tanzania, kama wale wekundu wa Wamasai, wana nywele fupi, si sufu. Sufu ya kusokota iko kwenye nyanda za juu za Kenya, ambako kikundi cha wanawake cha Nanyuki kimekuwa kikisokota na kufuma tangu mwaka 1977, na kingine cha Njoro tangu 1998. Msafiri anayepita huko akipata nusu kilo ya sufu iliyochanwa, aichukue bila kusita. Nyuzi zake ni ndefu na zina mawimbi yanayoshikana, kwa hiyo mikono hujifunza haraka zaidi kuliko kwenye pamba.

## Kuchana na kutengeneza tambi

Pamba iliyokandamizwa kwenye mfuko haisokotwi hivyo ilivyo. Ifunguliwe kwanza, manyoya yasimame na kuelekea upande mmoja. Brashi maalumu za kuchania ni adimu mjini, lakini brashi mbili za meno ya waya, zile za kuchania mbwa, hufanya kazi hiyo vizuri.

1. Paka pamba kidogo kwenye brashi ya kushoto, kiasi ambacho meno bado yanaonekana.
2. Pitisha brashi ya kulia juu yake kwa wepesi, bila meno kung'ang'aniana. Rudia hadi mabonge yaishe.
3. Nyanyua tabaka lote kwa ncha za meno.
4. Liviringishe kwenye kijiti chembamba mfano wa mshikaki, kisha chomoa kijiti. Umebaki na utambi laini wenye unene wa kidole.

Tengeneza tambi ishirini kabla ya kukaa kusokota. Anayechana moja na kusokota moja hukatizwa kila mara, na mkono haupati nafasi ya kuzoea mwendo.

Tahadhari ya afya: vumbi la pamba huwaumiza wafanyakazi wa viwandani mapafu, na chumba kidogo kilichofungwa madirisha nacho hujaa vumbi hilo. Barakoa ivaliwe wakati wa kuchana, hasa kwa mwenye pumu.

## Pia ya mkono kwanza, wiki moja tu

Ushauri huu haupendwi. Mtu ameshaliwazia gurudumu, anaambiwa aanze na kijiti. Lakini gurudumu humlazimisha anayeanza kujifunza mambo matatu kwa pamoja: kuzungusha, kuvuta pamba, na kujua msokoto umetosha. Pia ya mkono humruhusu kusimama katikati, akaangalia vidole vyake, kisha akaendelea.

Kinachohitajika ni kijiti kilichonyooka cha urefu wa sentimita 25 na kigae cha chungu kilichochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Pamba ni fupi na uzi wake mchanga hauvumilii uzito, kwa hiyo pia isining'inizwe. Ncha ya chini ikae kwenye bakuli dogo la kahawa na izungushwe kwa vidole.

Siku uzi wa urefu wa mkono mmoja utakapotoka mara tatu mfululizo bila kukatika, gurudumu liletwe.

## Gurudumu: linunuliwe au litengenezwe?

Magurudumu yako ya aina tatu. Lipo la Kizungu la kukanyaga kwa mguu, ambalo vikundi vya sufu hupenda. Ni ghali, na huvuta uzi kwa nguvu ambayo pamba ya anayeanza haiwezi kuihimili. Lipo la sanduku, linalofungwa likabebwa, lililotokana na harakati za Gandhi nchini India. Mwaka 1929 chama cha wasokotaji kilichokuwa chini yake kilitangaza zawadi ya rupia 100,000 kwa atakayebuni gurudumu bora la kijijini, na gurudumu hilo la sanduku, yaani charkha, lilipata umbo lake katika miaka hiyo, Gandhi alipokuwa amefungwa gereza la Yerwada. Mwenye jamaa anayesafiri kwenda Mumbai au Gujarat anaweza kuagiza moja. Ajue tu kwamba pia yake huzunguka kasi mno, na mwanafunzi hushindwa kuifuata.

La tatu ni la ringi ya baiskeli, na hilo ndilo linalomfaa mkazi wa Kariakoo. Vifaa vyote viko ndani ya mwendo wa miguu, isipokuwa kazi ya mbao, ambayo mafundi seremala wa Keko wataifanya kwa siku moja.

- Ringi moja iliyotumika, yenye spoku na ekseli, bila tairi. Izungushwe dukani, ikiyumba, irudishwe.
- Ubao mzito wa chini wenye urefu wa sentimita 90 hivi, na nguzo za kushikilia ekseli na pia.
- Chuma cha duara chenye unene wa milimita 5 au 6 na urefu wa sentimita 25, kilichochongoka upande mmoja. Hii ndiyo pia, na mafundi chuma wa Gerezani wataikata.
- Puli ya mbao ya kipenyo cha sentimita 2 yenye mfereji, ikazwe kwenye pia.
- Mkono wa kuzungushia, ufungwe kwenye ekseli au kwenye spoku.
- Mkanda wa uzi mnene wa pamba kutoka kwenye ringi hadi kwenye puli. Mpira usitumike, kwani huvutika na kurukaruka. Fundo la mkanda liwe dogo, ama ncha zishonwe.

Kwa nini puli iwe ndogo kiasi hicho? Ringi ya inchi 26 ina kipenyo cha sentimita 56 hivi. Ukigawa kwa 2, pia inazunguka karibu mara 28 kila gurudumu linapozunguka mara moja. Fundi akiweka puli ya sentimita 6 kwa sababu ndiyo aliyonayo, mizunguko inashuka hadi tisa, na mkono utachoka kabla uzi haujashika.

Kuna kosa moja la fundi lisilokubalika, nalo ni pia iliyopinda. Kabla ya kulipa, laza chuma kwenye kioo cha meza na ukiviringishe. Kikionyesha mwanga chini yake unaokuja na kupotea, kimepinda, na pia iliyopinda hutikisa uzi hadi ukakatika.

## Kukaa na kusokota

Tandaza kaniki mapajani, kwa sababu nyuzi nyeupe huonekana vizuri juu ya nguo nyeusi. Zima feni. Mwenye mtandio azifunge ncha nyuma, mwenye nywele ndefu azibane, na watoto wasikae upande wa pia, kwani ncha ile iko usawa wa macho yao.

1. Funga kwenye pia uzi wa pamba wa dukani wenye urefu wa sentimita 60. Uzungushe mara kadhaa karibu na puli, kisha upandishe kwa mzunguko mpana hadi kwenye ncha.
2. Shika utambi kwa mkono wa kushoto na ulaze ncha ya uzi juu ya manyoya yake, sentimita tano hivi.
3. Elekeza uzi pembeni ya ncha ya pia, uwe umelala kwa pembe ya nusu ya mraba. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono wa kulia.
4. Uzi ukishika manyoya, anza kurudisha mkono wa kushoto nyuma. Kidole gumba na cha shahada viguse utambi bila kuubana.
5. Mkono ukifika mwisho, simama. Zungusha gurudumu mara kadhaa bila kuvuta, ili msokoto wa mwisho uingie.
6. Rudisha gurudumu nyuma kidogo sana, uzi uliojizungusha kwenye ncha ufunguke.
7. Peleka mkono pembeni, uzi usimame wima kwa pia, na zungusha mbele tena. Sasa uzi unajikunja kwenye pia badala ya kusokotwa. Bakiza wa kufika kwenye ncha, kisha rudi hatua ya tatu.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa kazi yote, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Pembe ikiwa sahihi, uzi hupanda hadi kwenye ncha na kuruka, hupanda na kuruka, na kila mruko ni msokoto mmoja. Anayetega sikio huusikia: tk, tk, tk. Sauti ikikoma, mkono umekwenda pembeni mno na uzi umeanza kujikunja kwenye pia kabla ya wakati. Wapo waliohangaika kwa siku kadhaa wakidhani mkanda unateleza, na kasoro ilikuwa pembe hiyo tu.

Msokoto kiasi gani unatosha? Kwa uzi wa pamba ulio mnene kidogo, sentimita moja huhitaji mizunguko mitatu hadi mitano ya pia. Kwa urefu wa sentimita 50 uliovutwa, ni jumla ya mizunguko sita hadi tisa ya gurudumu lenye uwiano ulioelezwa juu. Mwanzoni ihesabiwe kwa sauti.

## Makosa yanayojirudia

Kukimbilia kasi. Gurudumu likienda haraka kuliko mkono wa kushoto, msokoto huingia kwenye utambi wenyewe na kuufunga, na pamba iliyofungwa hivyo haivutiki tena. Ikitokea, simama, nyofoa sehemu iliyofungwa, uanze upya na utambi uliobaki.

Kubana vidole. Vidole vikibana, manyoya hayatembei, na mtu huvuta kwa nguvu hadi uzi ukatike. Mkono ulegee hadi utambi uonekane unataka kudondoka.

Kuogopa mafundo manene. Kila uzi wa kwanza una matumbo. Sehemu nene ikitokea, shika pande zake mbili, legeza msokoto kidogo kwa vidole na uvute. Mara nyingi itanyooka. Isiponyooka iachwe, kwa sababu kuikata kila mara huharibu mwendo wa mkono.

Kusahau hatua ya tano. Uzi unaonekana mzuri kwenye pia, lakini ukitolewa unaachia. Bila msokoto wa mwisho, pamba hurudi kuwa pamba.

Kuunga kwa haraka. Uzi ukikatika, ncha zote mbili zichambuliwe ziwe manyoya, moja ilazwe juu ya nyingine sentimita tatu hivi, kisha gurudumu lizungushwe upande ule ule wa awali. Likizungushwa upande wa pili, kiungo kinafunguka na sehemu iliyokwisha kusokotwa inafunguka nayo.

## Hewa ya Feri: msaada na adui

Mkazi wa karibu na bahari ana bahati ambayo viwanda huilipia. Pamba yenye unyevu kidogo ni imara kuliko iliyokauka, na ndiyo sababu kumbi za kusokotea viwandani huwekewa mashine za kutia unyevu hewani. Asubuhi ya Feri, kabla jua halijakaza, uzi hukatika mara chache. Chumbani kwenye kiyoyozi pamba hukauka. Hapo kitambaa chenye maji kiwekwe jirani.

Upande wa hasara ni kutu. Chumvi ya upepo wa bahari huipata pia ndani ya siku chache, na chembe ndogo ya kutu hushika manyoya na kuuchafua uzi. Pia ifutwe kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani kila baada ya kazi, kisha ipanguswe kavu. Wakati wa masika tambi zisiachwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kwani zitaota ukungu. Mfuko wa kitambaa unatosha.

## Kuunganisha nyuzi mbili

Uzi mmoja peke yake hujikunja ukilegezwa, na kitambaa kilichofumwa kwa uzi huo huenda upande. Dawa yake ni kuunganisha nyuzi mbili kwa kuzisokota pamoja kinyume cha msokoto wa mwanzo.

Asiyeelewa maneno hayo ashuke hadi Feri, jirani na soko la samaki, na aombe kipande cha kamba kuukuu ya mashua. Akifungue kwa vidole. Ataona kamba imeundwa kwa nyuzi nene tatu zilizozungushwa upande mmoja, na kila uzi mnene umeundwa kwa nyuzi ndogo zilizozungushwa upande wa pili. Kila upande unataka kufunguka, na kwa kufunguka kwake unamkaza mwenzake. Dakika tano na kamba hiyo humfunza mtu zaidi ya ukurasa mzima wa maelezo.

Kwenye gurudumu, jaza pia mbili. Ziweke kwenye boksi la viatu lililotobolewa zisimame, fungia ncha zote mbili kwenye pia ya tatu, kisha zungusha gurudumu nyuma badala ya mbele. Nyuzi zote mbili zivutwe kwa nguvu sawa. Moja ikilegea, itaizungukia nyingine na kufanya mafundo.

## Uzi upikwe

Watu wengi huruka hatua hii, halafu hushangaa uzi unavyojikunjakunja. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa uzi mwingine bila kukaza, kisha uuchemshe kwenye sufuria isiyotumika kwa chakula, lita mbili za maji na kijiko kimoja cha chai cha magadi soda, kwa muda wa saa moja. Maji yatageuka rangi ya chai. Ni nta na uchafu wa pamba vinavyotoka, wala uzi haujaharibika. Usuuzwe ukishapoa, uanikwe kivulini ukiwa umening'inizwa kitu chepesi chini yake. Uzi uliochemshwa hunyonya rangi vizuri zaidi, na msokoto wake hutulia.

## Pingamizi mbili za mwisho

*"Sina muda."* Dakika ishirini kila siku hufaa kuliko saa nne za Jumapili, kwa sababu vidole husahau. Gurudumu likibaki wazi pembeni ya chumba hutumika; likifungwa kabatini husahaulika.

*"Uzi wangu haufanani na wa dukani."* Hautafanana, na hauhitaji. Wafumi wengi wa Ethiopia hutandika kitanda cha mfumi kwa uzi wa kiwandani ulio imara, kisha hupitisha ule uliosokotwa na wanawake kwa mkono, na nguo zao nyeupe za pamba huuzwa kwa fahari pale Shiro Meda, Addis Ababa. Mfumaji wa Kariakoo anaweza kufanya vivyo hivyo: uzi wa dukani ubebe uzito, wa mkono ulete umbile. Kitambaa cha kufutia vyombo, kufunika mtungi au kuwekea vikombe ni kazi nzuri ya kwanza, kwa sababu mafundo ya uzi hayakisumbui.

Mwisho, kutoka kwenye kila pia iliyojaa ukatwe uzi wa urefu wa mkono na ugundishwe kwenye karatasi yenye tarehe, aina ya pamba na idadi ya mizunguko ya gurudumu. Mtu akikwama, karatasi hiyo ndiyo ya kumpelekea msokotaji mzoefu, ambaye kwa kuutazama uzi ataona kama tatizo ni pamba, ni pembe au ni kasi.